Meli zisipokuja tena Pemba: ng'ombe 40, vijana 12 na beberu mmoja

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kaskazini ya Pemba:

"Shikamoo daktari. Mimi na wenzangu tunatunga tamthilia ya skuli. Maradhi yamewaondoa watu wazima, meli haziji, umeme hakuna, serikali hakuna. Kijijini wamebaki vijana 12 na wanyama: ng'ombe 40, mbuzi 30, kuku wasiohesabika, punda wawili, paka, na mbwa wa wasasi (wawindaji). Yumo beberu mmoja mkubwa anaitwa Sultani, ndiye kipenzi cha tamthilia. Mwenzangu mmoja anasema watachinja ng'ombe kila juma na wataishi raha mustarehe. Mwengine anasema watawinda katika msitu wa Ngezi. Je, kweli wangeishi? Na mnyama gani wamshike kwanza?"

Marahaba, mwanangu. Nimetibu mifugo ya kisiwa hiki miaka 31. Nimeulizwa ya ng'ombe aliyemeza mfuko wa plastiki na ya jogoo anayewika usiku wa manane, lakini ya dunia kwisha sijawahi kuulizwa. Nitakujibu kama ninavyomjibu mfugaji, kwa hesabu.

Mnyama wa kumshika kwanza? Siku ya kwanza hakuna wa kushikwa, wapo wa kufunguliwa. Tokeni nje mtazame ng'ombe wa Pemba walipo saa hii. Wengi wamefungwa kamba, mmoja mmoja, uwanjani, kando ya bonde la mpunga, chini ya minazi. Mwenyewe huja asubuhi kuhamisha kigingi na jioni kuleta maji. Watu wazima wakiondoka ghafla, ng'ombe hawa hawendi popote. Ng'ombe mkubwa siku ya jua hunywa lita 30 hadi 40. Kamba ikimbakisha kwenye majani makavu katika joto la kaskazi, siku ya tatu yuko chini, na baada ya hapo mkimfikia mtamchinja tu, hamtamfuga. Kwa hiyo onesho lenu la kwanza lisiwe la watoto kulia makaburini. Liwe la watoto wanaokimbia na visu, uwanja hadi uwanja, wakikata kamba za ng'ombe wasiowajua, yupi mpole na yupi mkali.

Na usiku huo huo balaa la pili linaanza, maana ng'ombe 40 walioachiwa huenda moja kwa moja kwenye muhogo. Muhogo ndio uhai wenu. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula huku huja kwa meli, na meli nyie mmeshaziondoa. Kwa hiyo waliofunguliwa leo kesho wafungwe tena, mahali pengine, karibu na maji. Hapo mtagundua kwamba kitu adimu kuliko vyote ni kamba. Za nailoni zitawafaa miaka michache, kisha zinakatika. Baada ya hapo ni usumba: makumbi ya nazi yafukiwe kwenye tope la pwani miezi kadhaa, yatolewe, yatwangwe, yasokotwe. Bibi zenu wanajua. Kama katika wale 12 yumo msichana aliyewahi kukaa na bibi yake pwani akisokota, mpeni nafasi kubwa kuliko huyo kijana wenu mwenye bunduki, maana najua mmemtia mwenye bunduki.

Sasa twende kwa rafiki yako wa ng'ombe mmoja kila juma. Ng'ombe 40 ni majuma 40, mwaka haujatimia zizi tupu. Na hata hizo nyama hamtazila. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyekomaa ana kilo 200 na kitu akiwa hai, ukishamchinja na kumchuna unabaki na mzoga wa kilo mia hivi. Vijana 12 bila friji watakula siku mbili, ya tatu inanuka. Itabidi muichane vipande vyembamba, mtie chumvi, muanike kama mnavyoanika ng'onda, na msimu wa masika hata kuanika ni bahati nasibu. Chumvi angalau ipo, bahari haijaondoka.

Hesabu ya mfugaji iko hivi. Katika 40, tuseme majike wazima ni 16. Jike wa kienyeji huzaa kama mara moja kwa mwaka na nusu, basi mtapata ndama 10 au 11 kwa mwaka. Bila dawa, hesabuni thuluthi yao wanakufa. Wanabaki saba. Majike katika hao saba hawaliwi, ndio zizi la kesho. Vya kuchinja mnabaki na madume matatu manne kwa mwaka mzima: Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu, yaani Idi mbili, na labda siku moja ya shida. Ndivyo watu wengi wa Pemba walivyokula nyama zamani.

Kinachowalisha ni maziwa. Jike wa kienyeji hatoi mengi, lita moja au mbili kwa siku ukishamwachia ndama wake. Lakini majike wanane wakiwa na maziwa kwa pamoja, ni kama lita moja kwa kila kijana, kila siku. Rafiki yako angewachinja hao hao. Mkinibana nitaje mnyama mmoja, namtaja huyu: jike mwenye ndama. Maziwa yachemshwe mpaka yafure, hata kama kuni ni shida. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na katika tamthilia yenu hakuna wa kuwaandikia dawa.

Na wale madume ambao hawaliwi? Wahasiwe, wafundishwe kazi. Muungano wa Soviet, uliokuwa ukiipa Cuba mafuta, ulipovunjika mwaka 1991, mafuta yaliadimika huko, matrekta yakasimama mashambani, na nchi iliyokuwa ikijivunia trekta ikarudi kwa maksai kwa maelfu. Sisi bado hatujawasahau, gari la ng'ombe linapita barabarani hadi leo. Anzeni na dume wa miaka miwili mitatu, mfungeni nira na mzee aliyekwisha kuzoea, muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Vijana wa Pemba wana faida moja hapa ambayo wa mjini hawana, nayo ni mchezo wa ng'ombe. Aliyesimama uwanjani akamwona dume anavyoinamisha kichwa kabla ya kukimbia, na akajua aruke upande gani, huyo ameshasoma nusu ya somo. Punda wenu wawili ni wa maji na kuni. Msiwatwike mpaka mgongo uote vidonda. Kidonda cha punda bila dawa ni minyoo ya nzi kufika Ijumaa.

Kuku. Hapa ndipo nitakapowavunja moyo.

Disemba 2009 nilikuwa Unguja kikazi. Tarehe 10 umeme ukakatika, waya wa chini ya bahari umekufa, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zikasimama, watu wakawa wanazunguka na madumu tangu alfajiri, barafu ikawa kama almasi. Mimi nilikuwa nimehifadhi chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofyeka kuku, kwenye friji ya ofisi moja, nikaambiwa jenereta lipo. Lilikuwapo, mafuta ndiyo hayakuwapo, na hakuna aliyenieleza. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kutia matone kwenye macho ya kuku wa watu, chanjo iliyokwisha kufa zamani. Mwezi wa pili mdondo ukapita. Bibi mmoja alikuwa na kuku 40 hivi, akabaki na wanne. Alinitazama tu. Mpaka leo nikipita mtaa ule nashusha kichwa.

Basi katika dunia yenu kuku ndio watakaoanguka kwanza, na kwa wingi, kwa sababu chanjo ile hutolewa tena kila miezi mitatu minne na haitakuwapo. Mdondo ukiingia kijijini unaweza kuchukua wanane au tisa katika kila kumi. Ila kuku ana dawa yake mwenyewe, kuzaliana. Mayai hukaliwa siku 21, na tetea wa kienyeji hulea vifaranga mara mbili tatu kwa mwaka. Kinachotakiwa ni wasife wote siku moja. Hapa Pemba ina hazina ambayo watunzi wenu hawajaitumia hata kidogo: visiwa vidogo. Fundo, Njao, Kojani, Makoongwe. Matetea kumi na jogoo wawili wapelekwe kisiwani mapema, kabla ya ugonjwa, na asipelekwe kuku mwengine huko, wala matenga yaliyobeba kuku wa kijijini. Mdondo ukimaliza kijiji, mbegu iko ng'ambo. Kisiwa kiwe na maji lakini. Kisiwa cha Misali msiende, hakina kisima cha kutegemea.

Ng'ombe nao watawashangaza. Mtadhani waliotunzwa vizuri ndio watakaodumu. Kinyume chake, wataanza wale wa kisasa, wa maziwa mengi, waliokuwa wakioshwa dawa ya kupe kila juma. Hawa hawakuwahi kuonja ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, wakiwa ndama, kwa hiyo miili yao haiijui. Dawa ikikatika, kupe wanapanda, na ndani ya miezi michache mnazika. Yule wa kienyeji aliyeugua utotoni akapona ndiye anayebaki amesimama. Kupe watolewe kwa mkono kila jioni, hasa masikioni na chini ya mkia, watiwe kwenye kopo la majivu ya moto. Kazi ya kuchosha, na nzuri kwa mazungumzo ya jukwaani, kwa sababu mikono ina kazi na mdomo uko huru.

Si kila kitu kitarudi nyuma, lakini. Sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilitangazwa kumalizwa duniani mwaka 2011, na ofisi zikifungwa haifufuki. Mbung'o walimalizwa Unguja mwaka 1997 kwa kuachiwa madume waliotiwa utasa kwa mionzi, na hao nao bahari imewazuia kurudi. Pemba zaidi. Mkondo wetu na bara una kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka zama za barafu, Unguja iliungana na bara na chui wakapita, Pemba ikabaki peke yake. Ndiyo maana mbuzi wa Pemba hana fisi wala chui wa kumwogopa. Maadui zake ni mvua ya siku tatu, minyoo, na binadamu. Katika wanyama wenu wote, mbuzi ndiye mwenye matumaini makubwa ya kuishi hata nyie mkishindwa.

Mbwa ni habari nyengine. Mambo ya najisi mwulizeni shekhe wenu, mimi nasema ya kichaa. Kwa kuchanja mbwa, Pemba ilikisafisha kichaa cha mbwa mwaka 2014, mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, na 2018 kikazimwa mara ya pili. Mbwa wa wasasi wakibaki bila mwenyewe na bila chanjo, mlango uko wazi, inatosha dau moja lenye mbwa mgonjwa. Binadamu akishaanza dalili hana kupona. Wabakisheni mbwa wawili watatu mnaowalisha kwa mkono wenu, wawafukuzie tumbili na nguruwe shambani. Aking'ata mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi robo saa nzima, hapo hapo, kabla hata ya kumtafuta mbwa. Paka msiwaulize wanafaa nini. Ngojeni muweke mpunga ghalani.

Nimechelewa kufika kwa yule wa Ngezi, nikiri kwamba nilimweka mwisho kwa hasira. Msitu wa Ngezi una hekta 1,440 hivi. Mtu mwepesi huuzunguka kwa siku. Paa wa mle ni wadogo, mmoja ana kilo nne tano za uzito mzima na pembe zake. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 543,441 Pemba; hata wangebaki elfu mbili tu kisiwa kizima na wote wakawa na wazo la rafiki yako, msitu ungekuwa kimya kabla ya vuli. Hili tumeshaliona kwa popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye sura ya mbweha, hapatikani pengine popote duniani. Waliwindwa kwa kitoweo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki wachache sana. Ilibidi vijiji kama Kidike viamue kuwalinda, na hesabu za miaka ya 2000 zikawakuta wamerudi hadi karibu elfu ishirini. Na wakati ule watu walikuwa na mchele dukani. Wenye njaa ya kweli wangewamaliza kwa msimu mmoja, na miti ya msituni inayotegemea popo kutawanya mbegu ingefuata polepole.

Pia futeni ile sentensi ya kwamba anachokula mnyama na binadamu anakula. Najua imo, kila tamthilia ya namna hii inayo. Kima punju wa Unguja hula majani ya mkungu na mwembe yenye sumu, kisha huenda kuokota mkaa kwenye matanuri ya watu na kuutafuna, sumu ishikwe na mkaa. Amejifunza yeye na mama yake. Nyie msijaribu.

Na baharini, kasa. Naandika hili bila mzaha. Machi 2024 kisiwani Panza, kusini ya Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 wakalazwa. Mwaka 2021 Pemba ilikwisha kuzika saba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haitoki kwa kupikwa, haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha, na watoto ndio inaowaumiza zaidi. Kasa mmoja anaweza kuwa salama na wa pili akaua. Vijana 12 wenye njaa, kasa kapanda pwani usiku kutaga, mzito, hana mbio: ni mtego wa kweli kuliko jambazi yeyote mtakayemtunga. Mkitaka kumwua mhusika, mwueni hivi, na baada ya onesho watazamaji warudi nyumbani wakijua kitu.

Jambo moja la zizini kabla sijamaliza. Ng'ombe akifa ghafla bila kuugua, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi, asichunwe, asiliwe, asipasuliwe. Huenda ni kimeta. Achimbiwe shimo refu pale pale alipoangukia. Njaa itawaambia nyama hii ni bure. Mpeni maneno hayo mhusika mnayemchukia.

Tubaki na Sultani wenu.

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Beberu mmoja anawatosha majike 25, kwa hiyo mwaka wa kwanza Sultani ni shujaa kweli, zizi linajaa. Lakini binti zake huanza kutafuta dume wakiwa na miezi saba minane. Kufika mwaka na nusu atakuwa anawapanda binti zake, kisha wajukuu. Mtaona vitoto vinazaliwa vidogo, dhaifu, vyengine taya limepinda, majike yanatupa mimba. Kisiwani hakuna mbuzi wa kupita njiani akachanganya damu. Hii inaua zizi polepole kuliko mdondo, na hakuna atakayejua ni nini, kwa sababu beberu ni mzuri, mnene, na kila mtu anampenda.

Dawa yake ni kubadilishana, na kubadilishana kunahitaji watu wengine. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, benki na ofisi vilikwisha, lakini ng'ombe waliendelea kuswagwa kwa miguu kuvuka mpaka hadi mnada wa Garissa nchini Kenya, kwa sababu aliyekuwa na mifugo alihitaji mnunuzi na mnunuzi alihitaji mifugo, serikali iwepo isiwepo. Nyie mmewaweka vijana 12 peke yao kama hakuna mwengine aliyebaki Pemba nzima. Wafugaji hawakai hivyo. Kufika mwaka wa pili zizi lenyewe litawatoa kijijini.

Basi ningekuwa mimi, onesho la mwisho ningeliweka pwani, maji kujaa, kusi limetulia. Sultani amefungwa miguu, analia kama mtoto, vijana wanne wanamwinua kumtia kwenye dau linalorudi Kojani. Kutoka dau hilo hilo anashushwa beberu mgeni, mwekundu, pembe moja imevunjika, hajapewa jina. Kijana aliyemleta anaosha mikono baharini, anawatazama mmoja mmoja, kisha anauliza nyie huku mmebaki wangapi.